Kilwa 2004: Familia zilibisha milango minne ya haki

Kilwa ni mji wa wavuvi kando ya ziwa Moero, katika teritware ya Pweto, kilometa karibu 350 kaskazini mwa Lubumbashi. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Oktoba 2004, kikundi kidogo cha vijana wenye silaha kiliingia mjini na kutangaza kwamba kimeukamata kwa jina la ukombozi wa Katanga. Hawakudumu hata siku mbili. Siku ya tano, tarehe 15, askari wa brigade ya 62 ya FARDC kutoka Pweto waliurudisha mji mikononi mwa serikali. Wakaaji wengi walikuwa wamekwisha kukimbia, wengine porini, wengine kwa mitumbwi kuelekea visiwani na ng'ambo ya Zambia. Waliobaki ndio waliolipa.

Wachunguzi wa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wakati ule, waliandika katika ripoti yao kwamba watu wasiopungua 73 walikufa, na kwamba 28 kati yao wanadhaniwa kuuawa kwa makusudi, bila hukumu yoyote. Walitaja nyumba zilizoporwa, watu waliokamatwa na kuteswa, na makaburi ya pamoja huko Nsensele, nje ya mji. Walitaja pia jambo moja lililofanya habari ya Kilwa ivuke mipaka ya Kongo: askari walisafirishwa kwa ndege iliyokodiwa na kampuni ya madini, na motokari za kampuni hiyo zilitumika wakati wa operesheni.

Kampuni hiyo ilikuwa Anvil Mining. Ilichimba shaba na fedha huko Dikulushi, kilometa kama 50 kutoka Kilwa, na madini yake yalipita bandari ya Kilwa kuvuka ziwa kwenda Zambia. Iliandikishwa Canada, na ofisi yake kubwa ilikuwa Perth, Australia. Kampuni ilikana kosa lolote. Ilisema kwamba wakuu wa jeshi waliitisha vyombo hivyo kwa nguvu ya sheria, na kwamba haikuwa na uwezo wa kukataa.

Tangu hapo, kwa miaka zaidi ya kumi, familia za Kilwa zilibisha milango minne: Lubumbashi, Perth, Montreal na Banjul. Historia ya milango hiyo inafaa kusomwa Likasi, maana inaonyesha jinsi tribinali zinavyofikiri. Mtu aliyepoteza mzazi au nyumba anakuja na swali moja tu: nani atajibu kwa hasara hii? Lakini mwamuzi, kabla ya kugusa swali hilo, ana maswali yake mengine. Je, mimi ndiye ninayepaswa kusikiliza? Anayeshtakiwa ni nani hasa mbele ya sheria? Je, jambo hili limekwisha kuamuliwa kwingine? Kesi nyingi za kimataifa zinakufa kwenye maswali hayo ya mlangoni, hata kabla shahidi wa kwanza hajafungua kinywa.

SHERIA YA 1888

Sheria ya kulipa hasara si ngeni kwetu. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya wakati wa Leopold wa Pili, ndiyo mpaka leo msingi wa madai ya namna hiyo nchini Kongo. Kifungu chake cha 258 kinasema kwa maana hii: mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, analazimika kuitengeneza. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mtu anajibu pia kwa hasara inayoletwa na wale walio chini ya amri yake, kama vile bwana wa kazi na wafanyakazi wake.

Kwa hiyo shida ya Kilwa haikuwa ukosefu wa sheria. Shida ilikuwa kupata mwamuzi wa kuitumia.

MLANGO WA KWANZA: LUBUMBASHI

Katika desturi ya sheria ya Kongo, iliyotoka Ubelgiji na Ufaransa, mtu aliyeumizwa na tendo la jinai anaweza kuingia katika kesi ya jinai kama upande wa kiraia. Hapo mwamuzi mmoja anaamua mambo mawili pamoja: adhabu ya mkosaji na malipo ya aliyeumia. Njia hiyo ina faida kwa maskini, kwa sababu mwendesha mashtaka wa serikali ndiye anayebeba mzigo wa kutafuta ushahidi. Ina hatari pia. Upande wa jinai ukianguka, madai ya malipo yanaanguka nao.

Kesi ilifunguliwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Katanga, na vikao vilianza Desemba 2006. Walioshtakiwa walikuwa askari, pamoja na kolonele Adémar Ilunga aliyeongoza operesheni, na wafanyakazi watatu wa kigeni wa Anvil Mining, walioshtakiwa kwamba waliwasaidia askari. Hapa kulikuwa na swali la kwanza la mlangoni. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 156, inasema tribinali za kijeshi zinahukumu wanajeshi na polisi. Lakini kanuni za kijeshi za mwaka 2002 ziliruhusu raia kuhukumiwa humo wakishtakiwa pamoja na askari. Kesi iliendelea kwa kanuni za 2002. Kwa hiyo madai ya wavuvi na wauzaji wa sokoni juu ya kampuni ya kigeni yaliamuliwa na waamuzi wenye vyeo vya jeshi.

Oditora wa kijeshi aliyeanzisha kesi alihamishwa kabla ya hukumu. Safari ya kutoka Kilwa hadi Lubumbashi ilikuwa ndefu na ya gharama, na si kila shahidi aliweza kuifanya.

Hukumu ilisomwa tarehe 28 Juni 2007. Mahakama ilisema watu wa Kilwa walikufa katika mapigano kati ya jeshi na waasi. Wote walioshtakiwa kwa mambo ya Kilwa waliachiliwa, na wafanyakazi wa kampuni pia. Kolonele alihukumiwa kifungo cha maisha, lakini kwa mauaji mengine yasiyohusu siku zile za Oktoba. Siku chache baadaye, Louise Arbour, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Binadamu, alisema wazi kwamba hukumu ile inamtia wasiwasi, kwa kuwa mashahidi waliojionea na vitu vilivyoletwa mahakamani vilionyesha matendo ya makusudi.

Familia zilijaribu kukata rufaa, hazikufanikiwa. Na kwa kuwa jinai ilianguka, malipo nayo yalianguka.

MLANGO WA PILI: PERTH

Kama nyumbani kumefungwa, mtu anauliza: je, siwezi kumfuata mwenye kampuni kwake? Katika sheria za nchi nyingi jibu la kwanza ni ndiyo. Mshtakiwa anaweza kushtakiwa pale anapokaa, hata kama tendo lilifanyika mbali. Ndiyo kanuni ya zamani kuliko zote katika mambo haya: mdai humfuata mdaiwa.

Anvil ilikaa Perth. Mwaka 2005, baada ya televisheni ya Australia kuonyesha filamu ya uchunguzi juu ya Kilwa, polisi ya shirikisho ya nchi ile ilianza upelelezi, lakini haukumfikisha mtu yeyote mahakamani. Maavoka wa Australia walijaribu nao kuanzisha kesi ya madai kwa niaba ya watu wa Kilwa. Walijiondoa kabla kesi haijafika mbali. Baadaye ilielezwa kwamba kulikuwa na vitisho kwa wale waliokuwa wakisaidia kesi huku Kongo, na kwamba ilikuwa vigumu sana kuwasiliana na wadai wenyewe.

Kujiondoa kwa maavoka si hukumu. Hakuna mwamuzi wa Perth aliyewahi kusema kwamba mlango ule umefungwa kisheria. Jambo hilo lilionekana dogo wakati ule, lakini miaka kadhaa baadaye, ng'ambo nyingine ya dunia, ndilo lililowaumiza.

MLANGO WA TATU: MONTREAL

Tarehe 8 Novemba 2010, shirika lililoundwa kwa ajili ya kazi hiyo, Muungano wa Canada wa Kupinga Kutokuadhibiwa, lilifungua madai huko Montreal, katika jimbo la Quebec, kwa niaba ya wahanga wa Kilwa. Liliomba kibali cha kesi ya pamoja, yaani kesi moja kwa ajili ya watu wengi wenye hasara ya namna moja.

Kwa nini Quebec, wakati kampuni ilikuwa na ofisi kubwa Perth? Kwa sababu Anvil ilikuwa imefungua ofisi ndogo Montreal, ya kushughulikia wawekezaji. Na kanuni za madai za Quebec zina vifungu vitatu vinavyofuatana ambavyo kila familia yenye kesi ya namna hii ingefaidika kuvielewa.

Kifungu cha 3148 kinasema mahakama ya Quebec inaweza kusikiliza kesi juu ya kampuni ya nje ikiwa kampuni hiyo ina ofisi Quebec, na ikiwa ugomvi unahusu shughuli zake za Quebec.

Kifungu cha 3135 kinasema kwamba hata kama mahakama ina uwezo, inaweza kukataa, kwa nadra, ikiona tribinali ya nchi nyingine inafaa zaidi kuamua. Wanasheria wanaiita kanuni ya tribinali isiyofaa. Msingi wake ni wa akili: kwa nini ugomvi wa shamba la Pweto uamuliwe Montreal, wakati mashahidi, shamba na sheria yenyewe viko Pweto?

Kifungu cha 3136 kinakwenda upande wa pili. Kinasema kwamba hata mahakama isipokuwa na uwezo, inaweza kusikiliza kesi yenye uhusiano wa kutosha na Quebec ikiwa haiwezekani, au haistahili kudaiwa, kwamba mtu afungue kesi yake kwingine. Hiyo ndiyo tribinali ya lazima, yaani mlango wa mwisho kwa mtu asiye na mlango mwingine.

Aprili 2011, mwamuzi Benoît Emery wa Mahakama Kuu ya Quebec aliipa familia nafasi. Aliona kwamba kazi ya ofisi ya Montreal haikuweza kutenganishwa na machimbo ya Kongo, kwa sababu ndiyo mali ambayo wawekezaji walikuwa wakielezwa. Akaona pia kwamba Quebec ikifunga mlango, watu wa Kilwa hawatabaki na tribinali yoyote ya kiraia ya kuwasikiliza.

Furaha ilidumu miezi tisa. Tarehe 24 Januari 2012, Mahakama ya Rufaa ya Quebec ilifuta uamuzi ule. Iliangalia tarehe: mauaji yalitokea Oktoba 2004, ofisi ya Montreal ilifunguliwa Juni 2005. Ofisi ambayo haikuwapo haiwezi kuwa ilishiriki katika tendo. Kuhusu tribinali ya lazima, mahakama ilisema mwenye kuomba ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba milango mingine haiwezekani, na hilo halikuonyeshwa kwa Australia. Waamuzi walieleza huruma yao kwa wahanga, lakini walisema sheria haiwaruhusu. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu kabisa ya Canada ilikataa kusikiliza rufaa.

Mwaka 2012 huohuo, Anvil Mining ilinunuliwa na kampuni ya Minmetals ya China kwa zaidi ya dola bilioni 1 za Canada. Katika miaka yote hiyo, hakuna tribinali ya kiraia, ya Afrika, ya Australia wala ya Canada, iliyoketi kusikiliza ushahidi wa Kilwa wenyewe. Walibishana juu ya mlango tu.

MTU WA KISHERIA: SOMO LA GÉCAMINES

Swali la pili la mwamuzi, yaani anayeshtakiwa ni nani hasa, Likasi inalijua kuliko inavyofikiri. Mji wetu, tangu ulipoitwa Jadotville, umekua kando ya viwanda vya Shituru na Panda, kwanza chini ya Union Minière du Haut-Katanga iliyoanzishwa 1906, kisha chini ya kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines. Kwa mfanyakazi wa kawaida, Gécamines na serikali ni kitu kimoja. Mbele ya sheria, je?

Swali hilo lilifika mpaka London. Wakati wa Zaire, kampuni ya Energoinvest ya Sarajevo ilifanya kazi kubwa za umeme na nyaya za nguvu nchini, na haikulipwa yote. Mwaka 2003 ilipata hukumu mbili za usuluhishi juu ya serikali ya Kongo. Mwaka 2004 ikaliuza deni hilo kwa kampuni ya Marekani, FG Hemisphere, moja ya zile kampuni zinazonunua madeni ya nchi maskini kwa bei ndogo, kisha zinadai yote pamoja na riba. Deni lilikuwa limepita dola milioni 100.

FG Hemisphere ikatafuta mali ya kukamata. Ikaiona kisiwani Jersey, ambako iliandikishwa GTL, kampuni ya kuchakata lile lundo kubwa la mabaki ya Lubumbashi. Gécamines ilikuwa na hisa ndani yake. Hoja yao ilikuwa rahisi: Gécamines ni mkono wa serikali, deni la serikali ni deni la Gécamines. Mahakama mbili za Jersey zilikubali. Lakini tarehe 17 Julai 2012, Baraza la Rufaa huko London liligeuza uamuzi. Lilisema kampuni ya serikali iliyoundwa kwa sheria, yenye hesabu zake, mali zake na biashara ya kweli, ni mtu mwingine mbele ya sheria. Kwa kuwa serikali inaitawala kampuni hiyo, haimaanishi kwamba kampuni inabeba madeni ya serikali. Kuwe na ushahidi kwamba vitu viwili vimechanganyika hata haviwezi kutenganishwa.

Kwa Katanga ulikuwa ushindi, maana mali ya Gécamines iliokolewa kwa mkopeshaji wa mbali. Lakini kisu kile kina makali pande mbili. Kanuni inayosema deni la serikali si deni la Gécamines inasema pia kwamba deni la Gécamines si deni la serikali. Mstaafu wa Shituru anayedai mishahara yake ya nyuma anaweza kuambiwa neno hilohilo. Na familia ya Kilwa inayodai kwa kampuni mama ya ng'ambo inaweza kuambiwa kwamba iliyochimba Dikulushi ni kampuni mtoto, iliyoandikishwa Kongo, na mama hajui kitu.

CHINGOLA: UKUTA ULIPOPASUKA

Ukuta huo kati ya mama na mtoto haukusimama daima. Mfano uko karibu nasi, ukivuka Kasumbalesa. Huko Chingola, Zambia, wanakijiji 1,826 walisema maji yao na mashamba yao yaliharibiwa na taka za machimbo ya Nchanga, ya kampuni ya Konkola Copper Mines. Waliishtaki kampuni hiyo pamoja na mama yake, Vedanta, Uingereza.

Vedanta ilijibu kwa hoja tunazozijua sasa: sisi ni mtu mwingine, na tribinali inayofaa ni ya Zambia. Tarehe 10 Aprili 2019, Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza ilitoa jibu lenye sehemu mbili. Kwanza, kampuni mama inaweza kuwa na wajibu wake yenyewe kwa majirani wa machimbo, ikiwa yenyewe imetangaza mbele ya watu kwamba inasimamia ulinzi wa mazingira katika kampuni zake zote. Pili, mahakama ilikubali kwamba Zambia ndiyo mahali pa asili pa kesi ile. Lakini ilisema kuna hatari ya kweli kwamba wanakijiji hawatapata haki kamili huko, si kwa sababu waamuzi wa Zambia ni wabaya, bali kwa sababu wanakijiji ni maskini mno kuendesha kesi kubwa hivyo, na hakuna maavoka wenye uwezo na fedha za kuibeba. Kesi ikaruhusiwa kuendelea London. Januari 2021 ilimalizika kwa mapatano, bila kampuni kukiri kosa.

Canada nayo ilisogea. Februari 2020, Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile iliwaruhusu wafanyakazi wa Eritrea kuendelea na kesi yao juu ya kampuni ya Nevsun kuhusu kazi za kulazimishwa katika machimbo ya Bisha. Ile nayo iliishia katika mapatano. Nevsun, tofauti na Anvil, ilikuwa na makao yake Canada kwenyewe. Tofauti hiyo ndiyo iliyokosekana kwa Kilwa huko Montreal.

MLANGO WA NNE: BANJUL

Mwaka 2010, wakati Montreal inaanza, mashirika matatu yalipeleka malalamiko Banjul, Gambia, mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: RAID ya Uingereza, IHRDA ya Banjul, na ACIDH ya Lubumbashi. Hapo anayeshtakiwa si kampuni. Ni serikali, iliyoahidi kwa kutia saini Mkataba wa Afrika kwamba italinda uhai wa watu wake.

Banjul nayo ina swali la mlangoni. Kifungu cha 56 cha Mkataba kinamtaka mlalamikaji awe amemaliza njia zote za haki za nchi yake. Msingi wake ni heshima: serikali ipewe nafasi ya kusahihisha kosa lake kabla ya kushtakiwa nje. Lakini njia ya nyumbani inayohesabiwa ni ile iliyopo kweli, inayofikika, na inayoweza kuleta matunda. Hapa kesi ya Lubumbashi, iliyokuwa kushindwa, iligeuka kuwa ngazi. Familia ziliweza kusema: tulikwenda, tulisikilizwa vibaya, hati ya hukumu hii hapa.

Tume iliamua mwaka 2016, na uamuzi ukatangazwa Agosti 2017. Ilisema serikali ya Kongo inajibu kwa mauaji ya watu zaidi ya 70. Iliagiza dola milioni 2.5 zilipwe kwa wahanga wanane waliotajwa katika malalamiko na familia zao. Iliagiza uchunguzi uanze upya, na wahusika washtakiwe, pamoja na wafanyakazi wa kampuni. Iliagiza serikali iombe msamaha hadharani, miili ifukuliwe katika makaburi ya pamoja na kuzikwa kwa heshima, mnara wa ukumbusho ujengwe, shule, hospitali na barabara vitengenezwe, na waliotishika moyo wapate matunzo. Tena iliagiza wahanga wengine, ambao hawakuwa katika malalamiko, watafutwe na kulipwa.

Ndiyo mara ya kwanza mwenye mamlaka ya kisheria alisema kwa sauti kwamba waliokufa Kilwa hawakufa tu kwa bahati mbaya ya vita. Lakini Tume haina polisi wala bayilifu. Agizo lake linategemea nia ya serikali yenyewe, na nguvu ya wale wanaoendelea kuliulizia.

KINACHOBAKI MKONONI

Tangu Kilwa, sheria ya nyumbani imebadilika kidogo. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya mpango wa tribinali ilizipa mahakama za rufaa za kiraia uwezo wa kuhukumu uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kwa hiyo mlango wa mwamuzi asiye na cheo cha jeshi upo sasa, hata Lubumbashi.

Kwa familia za wahami zilizoko Likasi, na zile zinazosikiliza kutoka mbali, historia ya Kilwa ina mafunzo matatu ya kushika.

La kwanza ni tarehe. Kesi ya Montreal ilianguka juu ya miezi minane kati ya Oktoba 2004 na Juni 2005. Familia iliyohama iandike mapema: siku gani, kijiji gani, nani alikuwapo, mali gani iliachwa. Hati ya kifo, karatasi ya shamba, karatasi ya hospitali, hata barua ya mkuu wa kijiji, zote ziwekwe pamoja, na nakala ziachwe kwa ndugu anayekaa mji mwingine.

La pili ni mlango wa nyumbani. Hata kama mtu hana imani nao, aubishe na apewe karatasi ya jibu. Quebec iliuliza: mlijaribu kwingine? Banjul iliuliza: mlimaliza kwenu? Asiye na karatasi hana jibu.

La tatu ni orodha. Wanane walitajwa Banjul, na wanane wakawekewa kiasi cha fedha. Wengine wote waliwekwa katika agizo la "watafutwe". Mtu ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote, si ya shirika, si ya avoka, si ya parokia, anaachwa atafutwe na yuleyule anayedaiwa.

Kuhusu Nsensele, agizo ni wazi na halihitaji tribinali ya tano. Linahitaji daktari wa kutambua mifupa, majembe, padri au mchungaji wa kuzika, na saini ya mwenye mamlaka.